Mita inahesabu mteja, nani anahesabu kampuni?

Kila mara tukizungumza juu ya dijitali na kampuni za umeme, mfano wa kwanza ni mita ya kulipa mbele, ile tunaita Cash Power. Watu wanasema: "Kampuni imeendelea, sasa umeme unanunua na simu." Mimi siwezi kukubali haraka hivyo.

Tuseme ukweli kwanza: mita hiyo ilileta mazuri. Zamani faktire ilikuja kwa kukadiria, nyumba yenye taa mbili ikalipishwa sawa na baa yenye frigo tatu. Leo unalipa kile umetumia, na kampuni inapata franga mbele, haikimbilie tena madeni. Kwa kukusanya pesa, kazi imekuwa nzuri.

Lakini muangalie vile inatumika. Zile namba 20 unaingiza ni siri yenye kutengenezwa juu ya mita yako peke yake, na mita inaisoma yenyewe bila mtandao. Ni kusema mita ya kawaida ya aina hiyo inapokea tu, haijibu. Tarehe 24 Novemba 2024 hesabu ya wakati ndani ya mita hizo, yenye kuanzia mwaka 1993, ilifika mwisho dunia nzima. Mamilioni ya mita zilipaswa kuingiziwa namba mpya kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Dijitali gani hiyo, kama kampuni haiwezi kuongea na mita yake?

Mimi nililipa bei ya ububu huo. Nilikuwa na mayai 180 ndani ya kuvezi, siku ya 18. Mayai yanataka joto ya digrii 37.5 hivi, usiku na mchana. Umeme ulikatika jioni, ukarudi asubuhi. Uliporudi, mita ilionyesha uniti zangu zote, hakuna hata moja ilipotea. Vifaranga vilitoka 11. Usiku ule haukuandikwa na mita. Kwa hesabu ya mapato, nilibaki mteja mzuri: nilikuwa nimelipa.

Hapo ndipo ninapokosoa. Tunapima kampuni kwa pesa inaingiza, tunasahau saa za umeme inatoa. Na teknolojia ya kupima hizo saa iko: kuna mita zenye kutuma habari pande zote mbili, hata zinapiga ujumbe wa mwisho umeme ukikatika. Kuhesabu saa za giza kwa kila mteja kwa mwaka ni kipimo cha kawaida katika kazi hii ulimwenguni. Ukinunua nusu ya teknolojia, ile ya kulipisha, umenunua sanduku la pesa tu.

Sheria ya Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme kwa kampuni zingine kando ya SNEL. Goma, tangu 2020, Nuru iko na sola ya megawati 1.3. Mteja ataanza kulinganisha. Atalinganisha na nini, kama saa za giza hazina daftari?

Wale munaandika memwari juu ya dijitali na kazi ya kampuni za umeme, tafazali, musiishie kwa mapato. Muchukue avenue moja, mwezi mmoja, muandike kila saa umeme unaondoka na kila saa unarudi. Muweke hiyo pembeni ya mapato. Hapo ndipo tutajua nani ameendelea.