Ngozi Juu ya Ngozi

Lubudi, kusini mwa Kongo, ni mji wa saruji. Tangu enzi za Wabelgiji vumbi la kijivu limekuwa likitua juu ya mabati, juu ya miembe, juu ya kope za wanaotoka zamu. Kwa hiyo nilicheka kidogo nilipomkuta kijana mmoja wa pale, mwenye kibanda cha picha karibu na reli, ameinamia kompyuta yenye mtu wa kijivu mtupu: kichwa hakina nywele, macho hayana nuru, mwili mzima rangi ya saruji iliyomwagwa sasa hivi kutoka mfukoni. Ndivyo mtu wa kompyuta anavyozaliwa. Umbo analo, ngozi hana.

"Papa, kumupa mwili ni kazi ya mchana moya," aliniambia bila kugeuka. "Kumupa ngozi ndiyo kazi."

Alimpaka kwanza rangi moja ya kahawia iliyokolea, na yule mtu akawa mwanasesere wa plastiki. Juu yake akalaza tabaka la wekundu, hafifu mno, kwenye masikio, puani na kwenye pembe za macho, pale damu inapokaribia juu. Kisha tabaka la weusi zaidi: viwiko, magoti, vifundo vya vidole, kisogo. Viganja akaviacha vimepauka, mistari yake tu ikikolea. Kila tabaka alilipunguza nguvu mpaka likawa karibu halionekani, ndipo akaridhika nalo.

Tabaka lililonishika moyo lilikuwa picha ya mkono wa mzee mmoja mstaafu wa reli. Kijana alikuwa ameupiga kivulini, bila taa ya kamera, akauondolea rangi yote ukabaki kijivu na mikunjo. Katika namna ile ya kulaza picha juu ya picha, kijivu cha katikati hakibadilishi kitu. Kilicho cheusi kuliko hicho hutia giza, kilicho cheupe kuliko hicho hutoa mwanga. Basi mikunjo ya mzee iliingia katika mwili wa yule mtu bila kubeba rangi ya mzee. Kijana akalizima tabaka, akaliwasha, akalizima tena. Likizimwa, nisingeweza kutaja kilichopungua. Niliona tu kwamba hapana mtu pale.

Halafu kovu, juu ya nyusi ya kushoto. Mwanafunzi wa juzi angechora mstari akamaliza. Huyu alikaa nalo. Katikati alilipausha kidogo, pembeni akalitia weusi, maana ngozi nyeusi ikipona jeraha mara nyingi hukoleza mpaka wake. Akafuta vinyweleo vyote ndani ya kovu, kwa kuwa kovu halina vinyweleo, na kwa sababu hiyo akalifanya ling'ae kuliko ngozi inayolizunguka. Mwisho akang'oa nywele chache za nyusi pale lilipopita. Nilimuuliza ni nani atakayeliangalia kovu hilo. Akasema atakayeliangalia ni mama wa marehemu. Mtu aliyekuwa akijengwa, kumbe, alikuwa mchimbaji aliyefariki, na jamaa walitaka wamwone tena akigeuza kichwa.

Wachongaji wa Kiluba wangemwelewa kijana huyu. Viti vyao vya enzi, vile vinavyobebwa na mwanamke kichwani na mikononi, vina chale zilizoinuka tumboni na mgongoni, mstari kwa mstari, kiasi kwamba kidole kinaweza kuzisoma gizani. Mwili laini, kwa wazee wale, ulikuwa mwili ambao bado haujakamilika. Leo vingi vya viti hivyo vimekaa ndani ya vioo vya makumbusho ya Ulaya, mahali ambapo hakuna anayeruhusiwa kuvigusa.

Msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1978, naye amelishika jambo hili kwa njia yake. Katika mfululizo wake wa *Mémoire* wa 2006 aliwachukua wafanyakazi wa migodi kutoka picha za kale za wakoloni, akawalaza kwa kompyuta juu ya magofu ya kampuni ya migodi ya Gécamines ya siku zake. Weusi na weupe wao hakuugusa. Wamesimama mbele ya mabati yenye kutu wakiwa na ngozi ya wakati wao, na ndiyo maana wanatuumiza. Baadaye alizigonga chale za miili ya kale juu ya bamba za shaba, madini yaleyale yaliyowatoa watu hao vijijini.

Huko ng'ambo nako ngozi imeshughulikiwa, lakini ngozi ya nani? Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walionyesha jinsi ya kukokotoa nuru inayopenya chini ya ngozi na kutokea mahali pengine, na mwaka uliofuata Gollum, yule kiumbe wa sinema, akapata uhai kwa hesabu za namna hiyo. Kazi kubwa, siibezi. Ila mwaka 2020 Theodore Kim, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, aliandika wazi kwamba upenyo huo ni sifa ya ngozi nyeupe zaidi, na kwamba taaluma yake iliifanya kuwa sifa ya ngozi ya binadamu wote. Ngozi yetu habari yake kubwa ni mng'ao: jua la saa sita kwenye paji la uso, jasho shingoni, mafuta ya mawese kwenye muundi. Si ajabu basi kwamba watu weusi wengi wa kompyuta wanaonekana kama watu weupe waliomwagiwa kahawa.

Na sisi wenyewe tunaongeza ubaya. Nenda kwenye matanga yoyote Kolwezi utazame picha kubwa iliyowekwa mbele ya turubai. Marehemu amepaushwa. Mikunjo imefutwa kwa filta ya simu, mvi zimepakwa wino, suti si yake, shingo haikutani na kola. Mjane anamlilia kijana asiyemfahamu. Mtu aliyechimba shaba miaka mingi, akala vumbi la kijani la malakaiti mpaka likakaa kwenye kucha, anakwenda kaburini na uso wa tangazo la sabuni. Tulikuwa tunaogopa picha isiyofanana na mtu, sasa tunailipia. Na betri ya simu inayofanya uharibifu huo huenda ina kobalti iliyotoka kwenye mikono ileile tunayoifuta.

Tangu 2021 programu ya MetaHuman inamtoa mtu kamili wa kompyuta kwa dakika chache, vinyweleo na vyote. Kijana wa Lubudi anaijua na anaitumia kwa umbo. Ngozi anarudi kuijenga mwenyewe, tabaka kwa tabaka, umeme ukikatika anasubiri. Wateja wanamlalamikia kwamba anachelewa, wengine wanahama kwa jirani anayemaliza kabla soda haijaisha.

Basi ndugu msomaji, siku utakapopeleka picha ya baba yako kutengenezwa, mpe fundi muda wake, mlipe haki yake, na umwambie waziwazi: makovu usiyaguse.