Mkojo unatabiri kifafa cha mimba? Twende taratibu

Wadau, kikitoka kipimo kipya cha mkojo, tunaambiwa haraka kwamba "kinatabiri" kifafa cha mimba. Shida yangu ni hilo neno kutabiri.

Anza na kijiti cha kawaida, kile nesi anachochovya kliniki, iwe Dodoma mjini, Bahi au Mpwapwa. Kinatafuta protini. Protini ikivuja kwa sababu ya ugonjwa huu, figo zimeshaguswa, kwa hiyo kijiti kinatangaza jambo lililokwisha anza. Tena kinasoma ukolezi: mama aliyetembea juani bila kunywa maji anaweza kupata jibu la juu kuliko hali halisi. Na tangu 2014, chama cha kimataifa cha watafiti wa presha ya ujauzito kinakubali kwamba ugonjwa unaweza kuwepo bila protini yoyote kwenye mkojo.

Kipo kipimo kinachonivutia zaidi. Kinatumia Congo Red, rangi ya zamani ya kutia vitambaa, ambayo hushika protini zilizokunjika vibaya. Mwaka 2014 timu ya Irina Buhimschi, Marekani, ilionyesha kwamba mkojo wa wagonjwa una protini hizo. Sayansi nzuri. Lakini kumtenganisha mgonjwa na mzima leo ni kazi moja. Kumjua wiki ya 14 atakayeugua wiki ya 34 ni kazi nyingine kabisa.

Piga hesabu. Tuseme kati ya wajawazito 1,000, 30 wataugua. Kipimo kinawanasa 24 kati yao, ila kinakosea kwa asilimia 10 ya wasiougua, yaani 97. Walioambiwa "uko hatarini" ni 121, na kweli ni 24 tu. Hao wengine 97 wanarudi nyumbani na hofu.

Utabiri wenye faida ni ule unaofika mapema, kwa sababu WHO inashauri walio hatarini zaidi waanze aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita ameshapitwa, hata kipimo kiwe kizuri vipi.

Sipingi utafiti, nami ndo kazi yangu. Ila mashine ya presha inayofanya kazi isisahaulike kwa sababu ya kijiti kipya. Na kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au tumbo likiuma juu chini ya mbavu, mama awahi hospitali, hata kama mkojo ulisomeka safi wiki iliyopita.