Mkono wa Kuchagua Maktaba

Juzi nilimkuta mzee mmoja wa ofisini kwetu anasoma. Kijana wa meza ya pili alikuwa ameshasakinisha maktaba tatu za msimbo wa kushughulikia tarehe: mbili zimegoma, ya tatu inamdanganya. Mzee hakuwa amesakinisha hata moja. Alikuwa amefungua folda ya majaribio ya moja tu, anaipekua kama mama anunuaye kanga: pindo, mji, ndipo jina. Akagusa kioo. "Huyu amejaribu tarehe 29 Februari. Nitamwamini."

Mkono huo aliupata kwenye Perl, lugha aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987. Ghala la maktaba zake, CPAN, lilifunguliwa 1995, na desturi ya humo ilikuwa maelezo yakae faili moja na msimbo. Unaandika perldoc na jina la moduli, yanakuja: jina, kisha mistari michache ya mfano, unainakili na inafanya kazi. Nilichokipenda mimi kilikuwa chini kabisa, kifungu cha kasoro. Mtu amekesha na kazi yake, anaigawa bure, halafu anakuandikia mwenyewe kwamba hapa pamemshinda. Nilikuwa naanzia huko. Asiyeona kasoro yoyote katika kazi yake nilimpita.

Na tulikuwa na muda wa kusoma, tupende tusipende. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ilitoka kwenye setilaiti, nasi tuliilipia kwa nusu saa kafe. Nilikuwa nanakili maelezo kwenye flashi, nayasoma nyumbani usiku, kesho yake ndiyo narudi kupakua maktaba yenyewe. Ukikosea chaguo, nauli na nusu saa vimekwenda.

Siku hizi amri moja inaleta maktaba na ukoo wake mzima. Machi 2016 mtu aliondoa left-pad kwenye npm, ghala la JavaScript. Mistari 11, kazi yake kujaza nafasi kushoto kwa maandishi, basi. Miradi chungu nzima ikakwama duniani, na wengi wa wenye miradi hiyo hawakujua kama wanaitumia. Ilikuja imebebwa na jirani wa jirani.

"Mzee, inaitwaje hiyo?" kijana akauliza. Akatajiwa. Akaandika amri, akavaa spika zake za masikioni kabla haijamaliza kushuka. Mzee alikuwa bado kwenye folda ya majaribio, anasogea mstari wa chini.