Rasimu ya Hergé na Nafasi ya Maneno

Hergé alifariki mwaka 1983 akiiacha Tintin et l'Alph-Art katika hali ya rasimu, nayo ikachapishwa hivyo hivyo mwaka 1986. Wapo wanaoihesabu kuwa gofu tu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Nyuso nyingi ni mistari michache ya kalamu ya risasi, lakini mazungumzo yamekwisha kuandikwa; yaani, maneno hayakungoja picha zikamilike. Jambo hilo lawahusu hasa wanaotunga hadithi za picha kwa Kiswahili. Kitenzi kama «hatutamngojea» ni sentensi nzima, tena hakikatiki kwa urahisi ndani ya kiputo chembamba. Ukurasa ukishatiwa wino, mwandishi hubaki kuchagua kati ya kufinya herufi na kubadili kitenzi chenyewe.