Jinsi Euler Alivyoivunja 4,294,967,297

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat aliamini kwamba namba za aina ya 2ⁿ + 1, pale n inapokuwa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea kwa kuzidisha mara mbili, ni tasa zote. Tano za kwanza zinamkubalia: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita, 2³² + 1, ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Kwa njia ya kawaida, mtu angejaribu namba tasa zote zisizozidi kipeuo cha pili cha namba hiyo. Ziko 6,542. Hoja aliyoifafanua Euler baadaye inaipunguza kazi hiyo kwa kutazama baki.

Chukua namba tasa p inayoigawa 2³² + 1. Ukigawa 2³² kwa p, baki ni hasi 1. Kwa hiyo baki la 2⁶⁴ ni 1. Kipeo kidogo kabisa cha 2 kinachoacha baki 1 lazima kiigawe 64. Kingekuwa chini ya 64, kingeigawa 32 pia, na 2³² ingeacha 1 badala ya hasi 1. Basi kipeo hicho ni 64 hasa. Kanuni nyingine ya Fermat inasema 2 kwa kipeo cha p − 1 huacha baki 1. Kwa hiyo 64 inaigawa p − 1, na p ni lazima iwe 64k + 1.

Anza kuorodhesha: 65, 129, 193, 257... Ukiondoa zisizo tasa, zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano linatoa jibu.

Uhakiki wake unapendeza zaidi, kwani hauhitaji kugawanya namba kubwa. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, hivyo 5 × 2⁷ huacha hasi 1, na 5⁴ × 2²⁸ huacha 1. Vilevile 641 ni 5⁴ + 2⁴, hivyo 5⁴ inaweza kubadilishwa na hasi 2⁴. Tunapata hasi 2³² ikiacha 1, yaani 2³² + 1 haina baki.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Vigawo vyake tasa navyo lazima viwe 64k + 1, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Zimebaki za kujaribu 641 yenyewe, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Hakuna inayoigawa, nayo ni tasa.

Fermat aliangushwa na kanuni yake mwenyewe, aliyoiandika mwaka uleule wa 1640. Mifano mitano haikutosha kuwa uthibitisho, na hadi leo hakuna namba tasa ya sita ya aina hiyo iliyopatikana. Walimu wa hisabati, wapeni wanafunzi namba hii pamoja na karatasi na kalamu: hesabu zote zilizomo humu wanaziweza.