Waya Ndefu Ndani ya Tundu Dogo

Waya inayosukumwa ndani ya nafasi fupi kuliko urefu wake haina budi kupinda, na kila pindo linadai nishati. Unene ndio unaoanza kuamua: waya ya duara ikiongezwa kipenyo mara mbili, ugumu wake wa kupinda huwa mara 16. Pindo kali nalo hudai nishati nyingi kuliko pindo pana.

Jaribio la msingi lilifanywa Recife, Brazili, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Waya ya shaba ilisukumwa kutoka pande mbili kuingia kwenye uwazi wa mviringo kati ya mabamba angavu, wenye kina kinachozidi kidogo tu unene wa waya, ili isiweze kujipanda. Vitanzi vikubwa vilitokea kwanza, kisha vidogo zaidi katika nafasi zilizobaki, hadi waya ikakwama. Ilipokwama, sehemu kubwa ya uwazi ilikuwa bado tupu.

Shaba, hata hivyo, inachanganya mambo mawili: inasuguana, na ikipindwa sana hairudi ilivyokuwa. Mwaka 2008 Norbert Stoop, Falk Wittel na Hans Herrmann, wa Zurich, waliyatenganisha kwa kompyuta. Hapo ndipo uigaji ulipolipa, kwani hakuna maabara inayoweza kufuta msuguano kabisa. Waya inayorudi umbo na yenye msuguano mdogo ilijizungusha kama dawa ya mbu ya kuchoma. Msuguano ulipozidi, vikatokea vitanzi vya aina ya Recife. Waya isiyorudi umbo ilijikunja mikunjo mikali, sambamba.

Nafasi isipokuwa bapa tena bali tufe, huongezeka msokoto. Kila mzunguko unaolazwa huku ncha ya nje ikizuiwa kuzunguka huisokota waya. Mabaharia na mafundi umeme wanaokunja kebo wanalijua hili kwa mikono yao. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba msokoto mdogo huleta mpangilio, na mwingi huleta vurugu. La kushangaza, vurugu hiyo ndiyo iliyojaza zaidi matufe madogo. Katika makubwa, mpangilio ulishinda.

Kirusi cha bakteria kiitwacho phi29 hukabili tatizo hilohilo. DNA yake, yenye urefu wa takriban mikromita 6.6, huingia kwenye ganda la nanomita 42 kwa 54. Chaji zake hasi husukumana, hivyo kupinda si gharama pekee. Vipimo vya mwaka 2001 vilionyesha kwamba mota ya kirusi hicho, inayoiingiza DNA kwenye ganda, inaweza kuvuta kwa piconiutoni 57 hivi.

Hospitalini, Guido Guglielmi alianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 koili za platini zinazopitishwa ndani ya mshipa hadi kwenye uvimbe wa ateri ya ubongo. Platini ni laini, kwa hiyo hujikunja bila kuusukuma sana ukuta dhaifu. Kwa kawaida hujaza chini ya nusu ya uvimbe. Nafasi inayobaki huzibwa na damu iliyoganda.