Paa Lililokosa Moshi

Konda wa daladala hulitaja jina la Makumbusho siku nzima, na abiria hushuka kituoni wakaenda zao. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo limetoka kwa jirani yao wa pale pale, Kijiji cha Makumbusho, ambako tangu miaka ya 1960 zimejengwa nyumba za makabila ya Tanzania: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, banda la Wazaramo na nyinginezo.

Mgeni wa Dar es Salaam kwa kawaida hupelekwa mjini kwanza. Huonyeshwa sanamu ya shaba ya Askari ya mwaka 1927, singe yake ikielekea bandarini. Kisha Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, asimuliwe habari za fuvu la Zinjanthropus, lile lililofukuliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959. Sina ugomvi na shaba wala mifupa. Vitu hivyo vinakaa. Mimi huvutwa na kisichokaa.

Nyumba za kijijini pale zinaliwa. Mchwa huja kwa chini, masika kwa juu. Adui wa tatu sikumjua mpaka siku nilipomkuta mzee mmoja juu ya banda la pwani, amekaa mguu huku mguu huku, anabadilisha makuti. Nikampa shikamoo, nikamuuliza nyumba ile ina miaka mingapi.

"Marahaba. Ipi unayoiuliza? Paa, udongo, au nguzo?"

Nikabaki kimya. Paa lilikuwa la asubuhi ile. Udongo ulikandikwa na mwingine, nguzo zilisimikwa na mwingine kabla yake.

"Inayoimaliza ni upweke," akasema. "Humu hapikwi."

Kumbe moshi nao ni fundi. Penye mafiga, moshi hupanda ukatanda chini ya paa, ukakausha fito, ukafukuza wadudu. Nyumba ya maonyesho haina mama wa kukoka moto, hivyo huoza kwa usafi wake, na kazi ya moshi humrudia mwezekaji.

Niliitazama kazi hiyo hadi jua likanihamisha kivulini. Alianzia upenuni kwenda juu, ili kila kuti lililalie la chini yake na maji yasipate pa kuingilia. Kuti moja, kamba, fundo. Anashusha vidole vinne juu ya fito, kuti jingine. Macho yake yalikuwa barabarani kwenye magari, vidole vikipima vyenyewe. Nikamuuliza kwa nini vinne.

"Weka sita, uokoe makuti. Mvua itakuja kukuhesabia."

Nilikuwa nimelipa kiingilio nione nyumba. Nikajikuta natazama mikono. Nyumba zenyewe, niseme kweli, nilizipita haraka, hata tembe, ambalo lilistahili zaidi.

Chini palikuwa na rundo la majani ya mnazi yaliyochanwa. Nikaokota moja, nikajaribu kulikunja juu ya kijiti kama nilivyoona kwenye makuti yake. Likavunjika, ta! La pili likavunjika pia. Mzee akacheka kule juu bila kugeuka.

"Loweka kwanza, mwanangu. Ndoo hiyo hapo nyuma yako."